Mungu Hana Jalala

"Swali ni dogo, Mwinjilisti. Ulimwambia huyu binti kwamba hata waliokufa dhambini Mungu atawaokoa? Ulisema, hukusema?"

Mzee Bonifasi, mwenyekiti wa baraza la wazee, alivua miwani akaiweka juu ya meza. Wazee wengine sita wakamgeukia Adolf. Kwenye benchi la wanakwaya alikaa Angelina, mchumba wake, simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na meseji. Adolf aliijua neno kwa neno, maana aliiandika yeye:

"Angel, usimlilie Dunia kana kwamba Mungu amemtupa. Mungu hana jalala. Watu wote ni wake, na wote atawarudisha nyumbani, hata wakichelewa."

Aliituma Mei ile ya mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakimiminika Kagunga, kijiji cha mpakani ukingoni mwa ziwa, kwa maelfu na kipindupindu kikiwafuata. Dunia, kaka yake Angelina, alikuwa na boti ya injini. Akawa anawachukua watu Kagunga na kuwaleta ufukwe wa Kibirizi, karibu na mjini. Wengine aliwafikisha salama. Wengine aliwashusha njiani kwenye mawe, akaondoka na mizigo yao. Kisha ugonjwa ukamkamata na yeye. Siku mbili tu, akafa, hajatubu wala hajamuaga mama yake.

Kanisa lao la mtaa wa Gungu likakataa kumzika. Mama yao, Mama Rozalia, aliyevuka ziwa miaka ya tisini akikimbia vita Kongo, Angelina mgongoni na Dunia mkononi, akagoma kula. Angelina akamsomea ile meseji. Siku hiyo mama akala. Akamsimulia jirani, jirani akamsimulia mwenzake, na leo habari ilikuwa imefika mezani kwa Mzee Bonifasi.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu Adolf awekewe mikono kuwa mchungaji.

"Sikusema," alijibu.

"Hukusema?"

"Nilimfariji tu, Mzee. Angelina... alinielewa vibaya."

Alijua kitakachofuata. Angelina angeinua simu, angesoma, na mambo yangeishia hapo. Lakini Angelina alimtazama kwa muda, kisha akaichomeka simu kwenye pindo la kitenge chake.

"Ni kweli, wazee wangu," alisema. "Hayo ni maneno yangu. Mwinjilisti hahusiki."

"Basi yakane, binti, tuyamalize."

"Siyakani."

Wakamtoa kwenye kwaya. Wakamzuia meza ya Bwana. Alipopita mbele ya Adolf kwenda nje hakumwangalia hata kidogo, na Adolf akahisi uso wake unawaka moto kama aliyepigwa kofi mbele ya watu.

Jioni alipiga simu mara sita. Haikupokelewa. Akaandika:

"Angel, naomba tuonane. Niliogopa."

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi:

"Nilikuuliza maana ya 'wote', ukaniambia wote ni wote. Kumbe ulikuwa unanibembeleza tu."

Wiki nzima watu wa Gungu walimpa mkono njiani. "Shikamoo, mchungaji mtarajiwa!" Walimsalimu hata waliomzidi umri. Alijibu huku akiangalia viatu vyake. Mama yake alimshonea suti nyeusi. Alipoijaribu mbele ya kioo, alishindwa kujitazama usoni, akaangalia vifungo tu.

Alhamisi dereva mmoja wa bodaboda akamwambia, "Mchumba wako kaanzisha kanisa kule Kibirizi, hujui? Halina hata bati."

"Nipeleke," alisema Adolf.

Ilikuwa saa saba mchana. Dagaa zilikuwa zimeanikwa mchangani, na pembeni yake, chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo za vichanja, walikaa watu kama thelathini. Kulikuwa na Warundi waliopewa hifadhi uwanja wa mpira wakisubiri mabasi ya kambini. Kulikuwa na wapagazi, na wanawake wa dagaa, na binti aliyetengwa na kanisa kwa kupata mimba, na mlevi mmoja anayejulikana soko zima. Mwanvua, jirani Mwislamu wa akina Angelina, alikuwa anakoroga sufuria la uji. Angelina alikuwa amesimama katikati, miguu peku. Alimwona Adolf, akamwonyesha gunia.

"Kaa," alimwambia.

"Hunifukuzi?"

"Hapa hatufukuzi mtu. Tukikufukuza wewe, haya yote tunayosema ni uongo."

"Angel, nisamehe. Nimekosa. Na mambo yetu ya ndoa..."

"Usichanganye, Adolf." Sauti yake haikupanda. "Kukaribishwa hapa ni haki ya kila mtu. Kuolewa na wewe ni jambo jingine."

Watu waliangua kicheko. Mwanvua akamletea kikombe. "Kunywa uji, baba. Hauna sukari. Leo utauzoea hivyohivyo."

Adolf alikaa kwenye gunia na kikombe chake. Afadhali wangemfukuza. Angeondoka na hasira yake ikamfaa njiani. Lakini kukaribishwa na mtu uliyemkana, hilo hakuwa amejua kama linauma hivi.

Walipofika kwenye maombi, Angelina alitaja majina ya waliokufa. Alipotaja Dunia, mwanamke mmoja wa Kirundi akasimama ghafla, mtoto mgongoni. Jina lake Veneranda.

"Dunia yupi? Wa boti yenye mstari mwekundu?"

Angelina akamgeukia. "Ndiye. Ni kaka yangu."

"Mana yanje, Mungu wangu!" Veneranda alishika kichwa. "Basi mnamwombea yule! Alitushusha kwenye mawe, mvua inanyesha, huyu mwanangu ana homa. Akachukua begi langu. Vyeti vyetu vyote vilikuwa humo. Cheti cha ndoa, na mume wangu alishauawa, sina alama nyingine ya kwamba niliwahi kuwa na mume! Na mnaniambia huko mbinguni nitakaa naye meza moja?"

Angelina alimsogelea.

"Dada yangu," alisema, "umeumizwa na damu yangu. Naona aibu tu."

Hapo Mama Rozalia, aliyekuwa amekaa mkekani, akajikongoja kuinuka.

"Begi la rangi gani, mwanangu?"

"La bluu. Zipu imekatika."

Mama akaondoka. Nyumba yao haikuwa mbali. Aliporudi alikuwa amelikumbatia begi la bluu kifuani, machozi yanamtiririka hadi shingoni.

"Nililikuta chini ya kitanda chake siku ya msiba," alisema. "Nikalificha. Nilijua ni la mtu. Nikawa nakuja hapa kumwombea mwanangu, na begi lako liko kwangu."

"Mama!" Angelina aliita.

"Niache niseme. Mimi ndiye niliyemzaa."

Akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya Veneranda. Veneranda alilifungua begi kwa pupa. Vyeti vilikuwemo, vimepata unyevu pembeni. Shuka la mtoto alilolifungia humo halikuwemo tena. Aliviweka kifuani akalia kwa sauti, kisha akamshika mama mkono akamwinua.

"Wewe inuka, mama. Lakini yeye sijamsamehe."

"Hakuna aliyekuomba umsamehe leo," Angelina alimwambia.

Veneranda akajifuta macho, akamgeukia Adolf. Alikuwa amesikia akiitwa Mwinjilisti. "Wewe mtu wa Biblia, mbona umekaa kimya? Anaingia mbinguni hivihivi? Anapita tu?"

Adolf aliweka kikombe chini. Wote walikuwa wanamwangalia.

"Sidhani kama anapita tu," alisema taratibu. "Nadhani Mungu atamketisha mbele yako. Utamwambia yote, ya mvua na homa na vyeti, na hatakuwa na boti ya kukimbilia. Atasikia mpaka mwisho. Tunauita moto. Mimi naamini hauko pale kumteketeza mtu. Unachoma uongo wake wote, mpaka abaki yeye mwenyewe, ndipo aweze kurudi nyumbani."

"Wewe umejuaje?"

"Kwa sababu naungua sasa hivi." Akamwonyesha Angelina kwa kidole. "Jumamosi iliyopita nilimkana huyu dada mbele ya wazee. Maneno waliyomhukumu nayo ni yangu. Niliyaandika mimi, nikasema sikuyasema."

Watu wakaguna. Angelina alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Na kwa nini unatuambia sisi?" aliuliza. "Sisi hatukukuuliza, Adolf. Waliokuuliza wako Gungu."

Jumapili ya kuwekewa mikono kanisa lilijaa hadi madirishani. Mama yake Adolf alikaa mbele, amevaa kitenge kipya. Mchungaji Pastory, mzee mpole aliyembatiza Adolf mwenyewe, alimwita madhabahuni.

"Mwanangu, kuna neno lolote kabla hatujaanza?"

"Lipo, Baba."

Adolf alitoa simu mfukoni. Aliisoma ile meseji kuanzia mwanzo mpaka "hata wakichelewa." Minong'ono ikaanza nyuma ikasogea mbele.

"Hii niliandika mimi," alisema. "Baraza liliniuliza nikadanganya. Angelina alikuwa na ushahidi mkononi, akanifichia aibu yangu, akaibeba yeye. Nimetembea wiki tatu nikiitwa mchungaji, na mimi ni mwongo."

Mzee Bonifasi alisimama. "Adolf, kaa chini! Unaharibu siku!"

"Nilishaiharibu siku ile, Mzee."

Mchungaji Pastory aliinua mkono watu wanyamaze. "Kudanganya tunakusamehe. Lakini hayo ya kwenye simu, unayaamini hata leo?"

Adolf alimwona mama yake akitikisa kichwa polepole, akimsihi kwa macho.

"Naamini, Baba."

"Basi siwezi kukuwekea mikono."

"Najua."

Alitoka kwa njia ya katikati. Alidhani akishasema ukweli atajisikia mwepesi. Haikuwa hivyo. Alisikia mama yake akilia nyuma yake, na kilio hicho kikamfuata hadi barabarani. Akaketi juu ya tofali karibu na kijiwe cha bodaboda, suti nyeusi, jua la utosi. Simu ikaita.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Angelina. Mwanakwaya mmoja alikuwa ameshampigia.

"Hapa Gungu, kijiweni. Nimekaa tu. Watu wananishangaa."

"Unaona aibu?"

"Sana, Angel."

"Vizuri. Njoo nayo."

Hakurudishiwa uchumba siku hiyo, wala mwezi huo. Angelina alimpa kazi: kuchota maji, kufunga turubai, kuwasindikiza wakimbizi hadi kwenye mabasi. Veneranda naye alipangiwa kambi, upande wa Kasulu. Alipopanda basi, begi la bluu begani, alimkumbatia Mama Rozalia kwa muda mrefu. Habari za Dunia hakuzitaja tena, na hakuna aliyemlazimisha. Mama yake Adolf alikaa miezi miwili bila kumsemesha mwanawe. Kisha Alhamisi moja akaja Kibirizi, akakaa nyuma kabisa, akaondoka kabla ya uji. Wiki iliyofuata aliunywa.

Oktoba, Angelina alimwambia akiwa anageuza dagaa, wala hakuinua kichwa.

"Nenda kamuone mama yangu."

"Kwa habari gani?"

"Unajua habari gani. Usinifanye niseme mara mbili."

Gungu walikataa kuwafungisha ndoa. Wakafunga bomani, mbele ya mkuu wa wilaya, mashahidi wao wakiwa Mwanvua na Mchungaji Pastory, aliyekuja kimyakimya, bila kola yake, akasema amekuja kama mzazi. Kisha wote wakateremka Kibirizi kula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa lao, waliopikwa kwa mawese.

Ngoma zilipopamba moto, Angelina alimvuta Adolf pembeni, kwenye ukingo wa maji.

"Nataka nikwambie neno, mume wangu. Siku utakayonikana tena..."

"Sitakukana tena, Angel. Naapa."

"Usiape. Wewe ni mwoga, nakujua, na nimekuchukua hivyohivyo nikijua. Utanikana tena, kwa kidogo au kwa kikubwa. Siku hiyo usisubiri niambiwe na jirani. Uje uniambie wewe mwenyewe, kabla jua halijazama."

Adolf aliinamisha kichwa. Masikio yalimwaka kama ya mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

"Nitakuja," alisema.

"Na mimi nitakuwa nyumbani," Angelina alijibu, akamshika mkono, wakarudi kula.