Aliyebonyeza Tena na Tena

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla hakujapambazuka. Binti akapunguza moto, akarudi mezani kwenye kompyuta yake, shuka mabegani. Simu ikaita.

"We Seva, umeamka au hukulala kabisa?"

"Nimeamka, Fundi wangu. Mama ameamkaje?"

"Kifua kinambana kidogo. Lakini ameshanigombeza, kwa hiyo yu mzima."

Wakacheka. Ndivyo walivyokuwa tangu siku ile sokoni, binti akiwahi kazi mpya, gauni lake la bluu likanaswa na msumari wa kibanda. Fundi cherehani, futi ikining'inia shingoni, alimshona papo hapo akiwa amesimama. "Usipumue, nisije nikakushona na mbavu." Hakumtoza kitu. Toka hapo wakawa uzi na sindano, yeye akimwita Fundi, naye akamwita Seva kwa ajili ya kazi yake ya kompyuta.

Kampuni ya binti ilipeleka mitungi ya oksijeni majumbani. Simu za wateja wote ziliingilia mlango mmoja, seva ya GraphQL, yaani kompyuta kuu inayopokea maombi yao, na ni yeye aliyeiongezea daftari la kumbukumbu, ili kila ombi liandikwe na watu wa zamu walione. Aliweka pia mahali pa kuchagua kipi kiandikwe, kipi kirukwe.

"Ombi likijirudia, linarukwa," alimwambia Fundi. "Maombi hayo yanajaza nafasi bure. Kelele tupu."

"Kumbe mimi nikikuita mara mia hutaniandika!"

"Wewe umeshaandikwa moyoni, mpenzi. Hebu kanywe chai."

Wiki hiyohiyo mama yake Fundi alizidiwa. Fundi akaagiza mtungi kwa simu. Seva ya kampuni ikakataa kwa hitilafu ndogo. Akabonyeza tena, na tena. Watu wa zamu waliona ombi moja tu lililokwama, na kwa kuwa hawakuona jingine, wakadhani ni mtandao na kwamba mteja ameshafanikiwa. Jirani alipopata gari la kumpeleka hospitali, mama alifia njiani.

Baada ya maziko Fundi alikaa kizingitini, simu mkononi.

"Nilibonyeza, Seva. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Hakuna hata mmoja aliyeona?"

Binti akaelewa. Angeweza kunyamaza, maana kilichorukwa hakikuacha alama popote. Lakini angeishije na mtu huyu, huku akimficha neno hilo?

"Hawakuona kwa sababu yangu," akasema. "Zile kelele nilizokwambia, Fundi... ilikuwa wewe."

Fundi aliinuka kizingitini. Hakufoka. "Nenda nyumbani," akasema taratibu, akamfungulia geti mwenyewe. Hakupiga simu tena.

Kazini binti alibadilisha mpangilio: ombi likijirudia, liandikwe, na kengele ilie. Bosi akamsifu. Sifa zile zilikuwa chungu kama shubiri.

Miezi ikapita. Jumapili moja alivaa lile gauni la bluu, akaenda kubisha hodi. Fundi alifungua, amekonda, shati limempwaya.

"Karibu."

Kiti cha mama kilikuwa palepale, mto wake bado una bonde.

"Sikuja kuomba unisamehe," binti alisema. "Nimekuja kukujulia hali."

Macho ya Fundi yalikuwa kwenye gauni, pale mshono wake wa zamani ulipoanza kufumuka. Akachukua sindano, akapiga magoti.

"Usipumue," akaanza, sauti ikamkatika. Machozi yakadondoka kwenye kitambaa, ya nani hayakujulikana. Alishona mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

Akamsindikiza hadi getini.

"Siwezi kusema yamekwisha."

"Najua."

"Nikikuona wewe, namwona mama akihema."

"Najua, Fundi."

Binti akageuka kuondoka. Fundi akaushika mlango wa geti, hakuufunga.

"Ila nyumba hii imenyamaza mno," akasema. "Jumapili ijayo njoo tena, Seva. Hata tusipoongea. Njoo."