Kipimo cha Propela

Kila alasiri, akitoka shule ya msingi hapo Kamembe, Feza alikunja sare yake, akavaa ovaroli kuukuu iliyopunguzwa miguu, akaenda moja kwa moja gereji kwa baba yake. Hakuna aliyemtuma. Tangu familia yao irudi Rwanda kutoka Bukavu, vita vilipopungua, msichana huyo wa miaka kumi na mitatu alikuwa ameazimia kuwa fundi kama baba yake, Nzabonimpa.

Juma hilo walikuwa na kazi ngumu. Maman Odette, mfanyabiashara wa maharage, alikuwa amewaletea Peugeot 404 ya mizigo aliyoachiwa na marehemu mumewe. Injini ilikuwa imekufa, na vipuri vyake havikupatikana tena upande wowote wa mto wa mpakani. Wengi walimshauri aiuze kama chuma chakavu. Nzabonimpa hakukubali. Alitafuta Toyota ya miaka ya karibuni iliyopinduka, akatoa injini, giaboksi na ekseli ya magurudumu ya nyuma, akaviingiza vyote katika gari lile la zamani. Ilibaki propela, yaani chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Ile ya Toyota ilikuwa ndefu mno. Ilipaswa kukatwa na kuchomelewa upya.

"Feza," baba alisema akielekea kutafuta bolti, "shusha jeki, pakia mawe nyuma, ndipo upime. Gari tupu linadanganya."

"Ndiyo, Papa."

Jua lilikuwa kali, na mawe yalikuwa ng'ambo ya barabara. Binamu yake, Elikia, aliyekuwa ameketi juu ya tairi akitafuna muwa, alicheka.

"Weye, ingenieri! Chuma ni chuma. Hata ukipakia kwaya nzima, kitarefuka?"

"Papa amesema."

"Papa yako hayuko hapa. Pima, twende zetu mpira."

Feza aliyatazama mawe, akautazama uwanja wa mpira. Kisha akapima gari likiwa bado linaning'inia juu ya jeki. Jioni alimpa baba kipimo, naye baba, asiyekuwa na desturi ya kumwuliza mara mbili, akakipeleka kwa mchomeleaji.

Propela ilipofungwa, gari liliwaka mara moja. Lilizunguka kiwanja bila kelele, majirani wakapiga makofi, na Maman Odette akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Kesho soko la Nzahaha!" alitangaza. "Bamama ba soko bote batapanda na miye juu ya magunia!"

Vijana kadhaa waliruka nyuma ya gari kwa shangwe. Feza, aliyekuwa amechutama kando ya gurudumu, akaona ekseli ikipanda na propela ikisukumwa mbele, ncha yake karibu izame yote ndani ya giaboksi: mzigo ulikuwa ukipunguza nafasi aliyoipima. Hao walikuwa vijana wachache tu. Ingekuwaje kwa magunia, kwenye mteremko wa Gashonga, njiani, akina mama wakiwa juu?

Elikia alimvuta mkono. "Nyamaza. Gari inatembea, batu banafurahi. Unataka Papa akuaibishe mbele ya batu bote?"

Feza aliunasua mkono wake. Akasimama.

"Papa, gari lisiende. Nililipima likiwa juu ya jeki. Sikupakia mawe."

Makofi yalikoma. Nzabonimpa hakupaza sauti.

"Yapakie sasa."

Alibeba jiwe baada ya jiwe, watu wakimtazama. Kabla gari halijajaa, chuma kililia chini yake. Propela ilikuwa imefika mwisho na kuanza kuisukuma giaboksi.

"Yesu wangu!" alisema Maman Odette. "Na miye nilitaka kupandisha bamama!"

"Unisamehe, Maman. Umepoteza soko la kesho kwa sababu yangu."

"Nimelipoteza, ndiyo. Leo nitakasirika. Weye tengeneza gari yangu."

Feza akajaza mawe hadi juu, akalala chali chini ya gari, akapima. Baba akamwamuru apime tena. Elikia, bila kuitwa, alisaidia kuyashusha mawe na kuifungua propela. Ilipokatwa na kufungwa upya, gari lilipanda mlima wa Kamembe na mzigo wake wote bila kulalamika.

Siku ya soko lililofuata, huko Nzahaha, magunia ya maharage yalipangwa hadi juu kwa safari ya kurudi Kamembe, na akina mama wakapanda. Nzabonimpa, aliyeshika usukani, alimwita binti yake.

"Kosa la kipimo hurekebishwa kwa kazi. Lakini wewe ulikosea kwa uvivu, na kwa hilo sitakusifu. Ulisema kweli kabla mtu hajaumia, tena mbele ya watu. Ndiyo sababu bado una nafasi katika gereji yangu. Sasa panda juu ya magunia."

"Mimi, Papa?"

"Wewe uliyepima. Fundi hapeleki watu mahali ambapo yeye mwenyewe anaogopa kwenda."

Feza akapanda. Maman Odette alisogea kumpa nafasi, akamshika bega kwa nguvu, na gari likaondoka, likaanza kuteremka Gashonga.