Mistari Miwili Kabla ya Harusi

Soko la Litein lilikuwa limefurika, na sauti iliyowashinda hata wauza kabichi ilikuwa ya mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu ya kiwanda cha chai, aliyeinua juu gambuti mbili za mpira.

"Madam, hebu angalia. Hii ni ya kushoto. Na hii nayo?"

Fancy Chepkemoi, muuza gambuti na makoti ya mvua, aliziangalia huku akijizuia kucheka. Alivaa sweta ya manjano, sketi ya maua na kilemba kilichofungwa kwa madaha ambayo matope yale hayakustahili.

"Ya kushoto pia," alikubali. "Si ungejaribu kabla ya kulipa? Ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa naangalia muuzaji."

Wanawake wa vibanda jirani waliangua kicheko. Fancy aliinama kutafuta gambuti ya kulia, akachukua muda mrefu kuliko uliohitajika. Opondo, fundi wa mitambo aliyetoka kando ya ziwa kutafuta kazi huku juu, aliondoka na viatu kamili na nambari ya simu.

"Jaber," alimwita kila jioni kwenye simu, yaani mrembo kwa lugha ya kwao. "Mbona hujawahi kunikaribisha mursik?"

"Mursik? Maziwa yetu ya kibuyu ni ya wakwe, si ya wapita njia."

"Basi nifanye mkwe."

Akamfanya. Mwaka haukuisha kabla mzee Johana, babake Fancy, hajampa kijana huyo kibuyu cha mursik na baraka zake.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Fancy hakuwa amemwambia. Kabla ya kumjua Opondo, alijitolea katika utafiti wa chanjo ya Ukimwi kwenye kituo kimoja mjini Kericho. Ugonjwa huo ulikuwa umemuua dadake Chepchirchir, aliyemlea, na Fancy hakutaka kukaa bure akilia. Mimi huwavulia kofia watu kama hao. Unanyoosha mkono udungwe kwa ajili ya watoto ambao hutawahi kuwajua, na hakuna anayekupigia makofi. Kijijini hata walinong'ona kwamba wanaokwenda kule hupandikizwa virusi, basi Fancy akafunga mdomo.

Baadhi ya waliojitolea walidungwa chanjo, wengine maji ya chumvi, ili matokeo yalinganishwe, na hakuna aliyeambiwa alipata nini. Fancy, ambaye mkono haukumuuma hata kidogo, alijiambia ni maji tu. Kituoni walimsihi asipimwe Ukimwi mahali pengine. Alilisahau onyo hilo, au labda aliona haya kulieleza, pale pasta wao alipowatuma kupimwa kwenye zahanati ya karibu. Bila kipimo, pasta hafungishi ndoa.

Kipimo cha Opondo kilitoa mstari mmoja, yaani hana virusi. Cha Fancy kilitoa miwili. Muuguzi alirudia, ikatoka miwili tena.

"Fancy, hii ni nini?" Opondo aliuliza.

"Ngoja nikueleze. Nilidungwa chanjo, ya utafiti..."

"Chanjo gani? Mbona leo ndio nasikia?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?" Opondo alitoka nje akaenda zake, na Fancy hakumfuata. Naye alikuwa na hofu yake: kama zile sindano zilikuwa maji, basi mistari ile ilikuwa ugonjwa.

Asubuhi alikuwa Kericho mbele ya Daktari Elmina, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Kile kipimo hakitafuti virusi, mami," daktari alimweleza. "Kinatafuta askari ambao mwili hutengeneza. Na chanjo hufundisha mwili kutengeneza askari hao hata kama virusi havijaingia. Sisi tutatafuta virusi vyenyewe."

Alimwonyesha damu yake kwenye hadubini. Fancy aliona seli nyeupe zikiwa zimetulia, akaambiwa kwamba kati yake zimo zinazokumbuka adui kwa miaka. Alishangaa kuwa anabeba vitu vizuri hivyo na hajui.

"Kwani chanjo ilifaulu?"

"Haikuzuia ugonjwa vile tulitaka. Lakini zinazokuja tunazijenga juu ya yale damu yenu ilitufundisha."

Baada ya siku chache simu ililia, alikuwa Daktari Elmina. "Fancy? Virusi hakuna. Ulipata chanjo yenyewe."

Alilia katikati ya gambuti zake. Alimpigia Opondo, hapatikani. Akamtumia meseji ya kumweleza majibu na chanjo, akapiga tena na tena. Mwisho akakubali moyoni kwamba ameachwa, na akaacha kufunga kilemba kwa madaha.

Siku ya soko iliyofuata, Opondo alisimama mbele ya kibanda. Alikuwa amekonda, na shati lake jeupe lilikuwa limelowa mvua.

"Jaber."

"Usiniite hivyo. Nimekupigia mpaka nikachoka."

"Simu ilianguka kwa tangi la maji kiwandani. Hadi leo iko ndani ya mchele ikikauka."

"Kwa hivyo meseji yangu..."

"Wacha nimalize, nikinyamaza sitaweza tena. Nimeenda kliniki nikauliza. Mtu akimeza dawa vizuri anaishi, anazaa watoto wazima, na bwana yake haambukizwi. Ni kidonge kila siku, nitakuwa nakukumbusha. Nilikimbia kama mjinga, Fancy. Mistari ikuwe miwili, ikuwe kumi, mimi nataka kukuoa."

Fancy alimpa simu yake asome meseji ambayo haikumfikia. Opondo aliisoma, akairudia, kisha akakaa juu ya rundo la gambuti na kulia bila kujificha.

"Kwa hivyo mwili wako unajua kupigana na kitu hujawahi kuwa nacho?"

"Ndiyo."

Aliushika mkono wake kwa mikono miwili. "Huu mkono ulitaka kuokoa watu, na mimi nikautoroka."

"Kwani alidungwa nini?" aliuliza muuza kabichi, masikio yamemsimama.

Opondo alimtazama Fancy, akangoja. Na Fancy, aliyeficha miaka yote hiyo, alipandisha mkono wa sweta hadi begani, akajibu kwa sauti iliyofika hadi stendi:

"Chanjo ya utafiti wa Ukimwi! Kwa sababu ya dadangu Chepchirchir. Na huyu hapa ni bwana yangu."