Makochi Yakiwa Nje

"Pokea, Josephat. Pokea," Odeta aliiambia simu.

Haikupokewa. Mara ya saba hiyo. Begi la mumewe alikuwa ameliokota getini, machungwa aliyotoka nayo safarini Sengerema yamemwagika. Ina maana alishuka kivuko, akafika mpaka hapo wakati Odeta yuko jikoni, akaiona nyumba mpya, akaondoka.

Nyumba aliipamba kwa mtindo wa pwani alioupenda kwenye picha za simu: mapazia meupe yanayopepea, mito ya bluu, vikapu ukutani. Makochi mazito aliyoyachagua marehemu Leonsia, mke wa kwanza wa Josephat, aliyatoa nje, akatandika mikeka sebuleni. Yeye mwenyewe alivaa gauni pana jeupe la pamba, miguu peku. Asubuhi alikuwa ametuma ujumbe: "Wahi nyumbani. Usiulize kitu."

"Miaka miwili nalala na mume wa kaburi," alijisemea. "Nimegusa kochi la mke wake tu, kanikimbia."

Akaingia jirani, Mama Machibya, kanga kiunoni, mkeka kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nani amefariki?"

"Hapa hakuna msiba, mama."

"Makochi nje, mikeka chini, wewe miguu peku. Sasa hiki ni nini?"

"Ni urembo. Mtindo wa pwani."

Mama Machibya aliketi polepole.

"Siku aliyofariki Leonsia tuliyapanga makochi hayahaya, nje palepale. Hakuna aliyethubutu kumwambia Josephat. Aliambiwa tu awahi nyumbani, asiulize kitu. Msiba aliujulia getini."

Odeta aliukumbuka ujumbe wake. Hakungoja kuvaa viatu.

Alimkuta ziwani, juu ya mawe, karibu na kivuko. Simu ameilaza kifudifudi pembeni.

"Josephat."

Hakugeuka.

"Ni mimi, mume wangu."

Josephat alimshika mkono, akaupapasa kidole kimoja kimoja, macho bado yako majini.

"Mbona hukupokea?"

"Siku ile simu iliandika Leonsia. Nikapokea huku nacheka. Sauti ilikuwa ya kaka yake, ananiambia niwahi nyumbani. Leo imeandika Odeta. Nikasema, nisipopokea, bado yupo."

"Nilidhani umekuja kumlilia yeye."

"Nilikuwa nakulilia wewe."

Neno hilo Odeta alilingoja tangu siku ya ndoa. Likamjia kupitia msiba wake mwenyewe.

"Twende. Nitayarudisha makochi ndani."

"Hapana. Mpe Mama Machibya, nilimwona anakuja na mkeka wake bure." Alicheka kidogo. "Mikeka ibaki. Ila nikirudi safari, ukae mlangoni. Nikuone wewe kwanza."

Mpaka leo, honi ya kivuko cha saa kumi ikilia, Odeta huacha sufuria jikoni, akakaa kizingitini na gauni lake jeupe. Haondoki hapo mpaka geti lifunguke.