Kahiga Atafuta Nyumba Pwani

Wamagana, karibu na Nyeri, ni mahali pa baridi. Mwezi wa saba ukifika, ukungu hushuka asubuhi na huondoka wakati unapotaka wenyewe. Watu wa huko hawagombani na baridi. Wanavaa sweta, juu ya sweta wanavaa koti, na kazi inaendelea. Ng'ombe anakamuliwa, majani ya chai yanachumwa, na chai ya maziwa haikosi jikoni.

Wachuka alikuwa na watoto wawili. Nyawira alikuwa na miaka mitano. Kim alikuwa na miezi minane, lakini ungemwona ungedhani ni mkubwa zaidi, maana nguo zilikuwa nyingi kuliko mtoto mwenyewe. Aliyemvisha ni bibi yake, Cucu Watiri, mama ya mume wa Wachuka. Cucu alikuwa na sheria moja: mtoto asipigwe na upepo.

"Upepo ikiingia kifua ya mtoto, hiyo ni nimonia," alisema kila asubuhi, akimfunga Kim kofia ya sufu. Kim alimtazama tu. Alikuwa amezoea.

Mume wa Wachuka aliitwa Kahiga. Alikuwa fundi wa mashine za kupoza maziwa. Mwaka huo alipata kazi nzuri katika kiwanda cha barafu, nje kidogo ya mji wa Kilifi. Alitangulia kwenda peke yake. Sasa alikuwa anatafuta nyumba ya kukaa na familia.

Lakini jambo moja lilikuwa halijaamuliwa. Je, watoto wataenda, au watabaki na Cucu?

"Pwani kuna malaria," alisema Cucu. "Watoto wa huku hawajui hiyo ugonjwa. Wewe enda kwa bwana yako. Mimi niachie watoto."

Wachuka alikosa raha kabisa. Kim alikuwa ameanza tu kumtambua baba yake. Akibaki Wamagana, baba atakuwa picha kwenye simu. Na yeye mwenyewe, atalalaje mbali na watoto wake? Lakini pia alijua kwamba Cucu hasemi uongo. Malaria inaua watoto. Basi walikubaliana hivi: nyumba nzuri ikipatikana, familia yote itahama. Ikikosekana, watoto watabaki.

Jumamosi moja Kahiga alituma picha za nyumba mbili. Wachuka na Cucu walikaa jikoni karibu na moto, wakaziangalia. Kahiga alikuwa kwenye simu, akieleza.

Nyumba ya kwanza ilikuwa bondeni. Nyasi zilikuwa za kijani kibichi. Kulikuwa na migomba, na nyuma ya nyumba kulikuwa na bwawa dogo ambako mbuzi walikunywa maji. Miti ilizunguka nyumba pande zote.

Nyumba ya pili ilikuwa juu ya kilima. Kuta zake zilikuwa za mawe, na paa lilikuwa la makuti. Ardhi yake ilikuwa mchanga na kokoto. Hapakuwa na nyasi. Kwenye picha, nguo zilizoanikwa zilikuwa zinapepea kama bendera. Mbele kulikuwa na uwanja wa mpira, na ng'ambo ya uwanja kulikuwa na zahanati.

Cucu hakuhitaji muda wa kufikiri.

"Hii ya chini!" alisema. "Ona nyasi. Ona maji, iko hapo tu. Unaweza kupanda nduma. Na imejificha vizuri, upepo hawezi kufikia mtoto. Hiyo ingine ni jangwa. Ati watu wanaishi hapo?"

"Hata mimi naipenda," alisema Wachuka. "Inafanana na nyumbani."

"Nilijua mtasema hivyo," alisema Kahiga kwa furaha. "Nimeshaambia landilodi naichukua."

Wakati huo jirani yao aliingia kuchukua maziwa. Jina lake lilikuwa Kajuju. Alikuwa mtu wa Meru aliyeolewa Wamagana. Alikuwa muuguzi, na alifanya kazi Pwani miaka mingi kabla ya kustaafu. Wachuka alimwonyesha picha. Kajuju aliziangalia polepole.

"Mmechagua vizuri sana," alisema. "Kama mngekuwa mnahamia Endarasha, huku huku kwa baridi."

Wachuka alicheka. Cucu hakucheka.

"Kwani iko na shida gani?" Cucu aliuliza.

"Cucu, kila kitu umesifu hapo, hiyo ndiyo shida," alisema Kajuju. "Hapa kwetu maji karibu na nyumba ni jambo la kushukuru. Lakini kule, mbu wanataga mayai kwa maji imesimama kama hiyo bwawa. Na mbu ndio wanabeba malaria. Umesema nyumba imejificha. Ikijificha, haina upepo. Mbu wanapenda mahali hakuna upepo. Halafu usiku joto haitoki. Kim atalala aje?"

"Yaani niweke mtoto kwa upepo?" Cucu alisimama. "Kajuju, wewe ni nesi ama ni nani?"

"Ni nesi, na ndiyo sababu nasema. Upepo ya hapa inatoka mlimani, ni baridi. Ya kule inatoka baharini, ina joto. Mtoto anahitaji hiyo upepo. Na nimonia inaletwa na vijidudu, hailetwi na upepo. Lakini hiyo tutaongea siku ingine."

"Siku ingine," alisema Cucu, na akamfunika Kim shuka moja zaidi.

"Sasa hapo juu hakuna mbu?" aliuliza Wachuka.

"Wako. Pwani hutapata mahali hakuna mbu kabisa. Lakini hapo juu watakuwa wachache. Na ona zahanati, iko karibu kama pua na mdomo. Hiyo ni muhimu kwenu kuliko nyasi. Watoto wa Pwani wanaugua malaria pia, na wengine inawaua. Lakini wale wakubwa kidogo, mwili yao imejifunza kupigana nayo. Nyawira na Kim hawajawahi kukutana nayo. Ikiwashika, inawashika kwa nguvu na haraka. Kwa hivyo mtoto akichemka, mnaenda siku hiyo hiyo, anapimwa damu. Hamngojei kesho."

Kahiga alikuwa anasikia yote kwenye simu. Yeye ni fundi. Hakupenda kuambiwa kwamba ameangalia kitu na hakukiona.

"Mama, mimi nilifika hapo," alisema. "Sikuona mbu hata mmoja."

"Ulienda saa ngapi?" aliuliza Kajuju.

"Mchana."

"Mchana hao mbu wamelala. Enda jioni, jua ikiingia. Simama hapo mlangoni. Halafu usiulize landilodi, yeye anataka mpangaji. Uliza akina mama wa hapo kama watoto wao wamekuwa wagonjwa tangu mvua inyeshe. Kama nimekosea, nitakuja niombe Cucu msamaha hapa hapa."

"Mimi nitangoja hiyo msamaha," alisema Cucu.

Jumatatu Kahiga alitoka kazini akaenda moja kwa moja bondeni. Jua lilikuwa linazama. Alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono ya shati. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Jasho lilimtoka akiwa amesimama tu. Giza lilipoanza kuingia, alisikia mlio mwembamba sikioni. Akapiga shavu. Kisha akapiga shingo. Kisha akaanza kujipiga kila mahali.

Mama mmoja alikuwa anafunga mbuzi wake karibu na bwawa. Majirani walimwita Mama Kadzo. Alimtazama Kahiga, akacheka.

"Karibu, kaka. Umeanza kucheza ngoma mapema."

"Asante, mama. Nilitaka kuuliza. Hapa watoto wanakuwa wagonjwa sana?"

Mama Kadzo aliacha kucheka.

"Hapa ni pazuri, sikatai. Mbuzi wangu wamenona. Lakini tangu mvua ianze, wanangu wawili wameshikwa na malaria, na hao wamezaliwa papa hapa. Mdogo tulimpeleka hospitali kuu, akaongezwa damu. Wako ni wa umri gani?"

"Mmoja ana miaka mitano. Mwingine bado ananyonya."

"Na watoka bara?" Mama Kadzo alitikisa kichwa. "Kaka yangu, usiwalete hapa. Panda nao kule juu. Mimi ningeweza kuhama ningehama."

Kahiga alipiga simu nyumbani akiwa bado njiani. "Mwambie Kajuju hakuna msamaha," alisema. "Nimeumwa mpaka kwa kope."

Jioni hiyo hiyo alimtafuta landilodi, mwenye nyumba ya bondeni, na kumwomba radhi. Kisha akachukua nyumba ya juu.

Familia ilihama mwezi wa kumi na mbili, shule zilipofungwa. Cucu aliwasindikiza mpaka stendi ya Nyeri. Alimfunga Kim kofia ya sufu kabla gari halijaondoka.

Siku za kwanza hazikuwa rahisi. Joto lilikuwa kali. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, kwa hivyo walichota ya kunywa kwenye bomba la jumuiya, na Wachuka aliyachemsha. Na Kim alilia mchana na usiku. Mwili wake ulijaa vipele vidogo vyekundu. Wachuka alimpeleka zahanati akiwa amemvisha sweta na soksi, kama ilivyo desturi ya Wamagana.

Muuguzi alimtazama Kim, kisha akamtazama mama.

"Dada, mtoto umemvisha au umempika?"

Wachuka aliona haya, lakini alicheka. Muuguzi alimweleza kwamba vipele vile vililetwa na joto. Kim avae fulana nyepesi ya pamba, au nepi tu. Aogeshwe maji ya kawaida. Anyonye mara nyingi zaidi, maana jasho linamaliza maji mwilini. Jua la mchana akae kivulini. Mwisho, alimpa Wachuka neti yenye dawa na kumwonyesha jinsi ya kuichomeka chini ya godoro.

Kumvua Kim sweta kulikuwa kazi ngumu. Wachuka alihisi ni kama anamwacha mtoto barabarani. Lakini usiku huo upepo wa baharini uliingia dirishani, ukapita juu ya kitanda, na Kim akalala mpaka asubuhi. Wachuka alimwangalia akilala, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kahiga naye alifanya yake. Alipigilia wavu kwenye madirisha. Alifukia mashimo yaliyoshika maji karibu na nyumba. Vikopo na matairi yaliyotupwa uani aliyaondoa, maana huko nako maji ya mvua hukaa. Kila mtu alilala ndani ya neti, wakubwa na wadogo.

Mvua ndefu zilipokuja, siku moja Nyawira alirudi kutoka shuleni akakataa chakula. Alisema kichwa kinauma. Wachuka alimgusa shingo. Alikuwa moto.

Wamagana, mtoto akiwa hivyo hupewa maji ya moto yenye limau, hufunikwa blanketi, na watu hungoja asubuhi. Wachuka alikuwa ameshashika sufuria. Akakumbuka maneno ya Kajuju. Akaweka sufuria chini, akamfunga Kim mgongoni, akamshika Nyawira mkono, na kuvuka uwanja.

Muuguzi alimchoma Nyawira kidole, akapima damu. Ilikuwa malaria.

"Lakini analala ndani ya neti!" alisema Wachuka. Machozi yalikuwa karibu.

"Na jioni anacheza wapi?"

"Hapo uwanjani, na wenzake. Mpaka giza."

"Basi huko ndiko alikoumwa. Jua likizama aingie ndani, au avae nguo nyepesi zinazofunika mikono na miguu. Usilie, dada. Umekuja mapema. Hizi dawa atameza siku tatu. Hata akipona kesho, amalize zote. Akitapika dawa, au akilegea, au akitetemeka mwili, mrudishe mbio."

Siku ya pili Nyawira aliomba chapati. Siku ya tatu alikuwa anagombana na Kim. Wachuka alimpa dawa mpaka ya mwisho.

Lakini habari zilikuwa zimefika Wamagana. Cucu Watiri hakupiga simu. Alipanda basi. Aliingia uani mchana wa jua kali, akiwa na mfuko mkubwa ambao haukuwa na kitu ndani. Wachuka alipouona ule mfuko mtupu, alijua ni wa nguo za watoto.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza Cucu.

Nyawira alikuja mbio kutoka kivulini akamrukia. Cucu alimgusa uso, shingo na mgongo. Alimgeuza huku na huku. Kisha alizunguka nyumba yote. Aliangalia wavu wa madirisha na neti za vitanda. Alitazama zahanati ng'ambo ya uwanja, akapima umbali kwa macho. Wachuka alimfuata nyuma kama mwanafunzi anayengoja matokeo ya mtihani.

Jioni Kahiga alirudi kutoka kazini. Kim alisikia viatu vyake nje. Aliacha kijiko, akaenda haraka mpaka mlangoni, na kumshika baba yake miguu yote miwili. Kahiga hakuweza hata kuingia ndani. Alisimama hapo akicheka.

Cucu aliwatazama kwa muda mrefu. Aliketi.

"Kahiga," alisema, "baba yako alifanya kazi Mombasa miaka kumi. Watu waliniambia, baki hapa na mtoto, Pwani ni mbaya. Nikabaki. Kila Krismasi akirudi, wewe ulikuwa unajificha nyuma yangu. Ulikuwa unauliza, huyu mzee ni nani?"

Kahiga alikuwa hajawahi kusikia maneno hayo.

"Wachuka, nilikuja kuchukua watoto," alisema Cucu.

"Najua, mama."

"Siwachukui. Kaeni nao hapa."

Wachuka alilia waziwazi, na hakuona haya. Cucu alikaa kwao majuma mawili. Alipoondoka, alijaza mfuko wake nazi na samaki wakavu wa kugawia majirani. Familia yote ilimsindikiza kituoni. Basi lilipoanza kwenda, aliangalia nje ya dirisha akawaona wanne wamesimama pamoja, Kim akiwa juu ya mabega ya baba yake.