Kisanduku cha Zizini

Kila asubuhi Nélida aliwafungulia zizi alpaka, wanyama wa sufu wa milimani, kisha akakifuta vumbi kisanduku cha redio kilicho juu ya ukuta, chenye kishada cha sufu nyekundu kama vishada vya masikioni mwa wanyama wenyewe. Vijiji vya mlima ule vilikuwa na visanduku arobaini, na kila kimoja kimeandikiwa namba za mahali kilipo. Ujumbe ukifika, kisanduku huurusha kwa kisanduku jirani kilicho karibu zaidi na unakokwenda, nacho vivyo hivyo, mpaka ufike.

Cha Nélida kilipaswa kuwa kileleni. Siku ya kukipandisha alichoka, akakitua zizini na kuandika namba za kilele. Nani angejua?

Saa nne, Mwalimu Hilario alikunja uso mbele ya kompyuta ya shule, iliyoonyesha njia ya kila ujumbe. "Ujumbe wa tatu huu kutoka malishoni. Unafika kwa Nélida, halafu basi."

"Labda alpaka wameula," akasema Wilber.

Darasa likacheka. Malishoni walikuwa baba yake Nélida na mdogo wake wa miaka minne, Efraín, aliyeondoka jana akikohoa.

"Baada ya masomo nitapanda nikitazame," mwalimu akasema.

Baada ya masomo! Nélida akisema sasa, ataumbuka mbele ya wote. Asiposema, je? Akasimama.

"Mwalimu, hakipo kileleni. Kiko zizini kwetu. Nilidanganya."

Mwalimu hakumgombeza. Kwenye kompyuta alifuta mahali pa uongo, akaandika pa kweli. Wakasubiri, Nélida akitafuna ukosi wa sweta. Sasa visanduku vingine vilijua kuwa chake kiko chini zizini, ambako hakiwezi kurusha mbali, vikakiacha na kuurudia ujumbe kupitia upande wa ziwani. Ukaingia, umeandikwa saa moja asubuhi: "Efraín anapumua kwa shida. Naogopa kumteremsha na baridi hii. Nesi aje."

Nesi Domitila akaondoka na pikipiki, mtungi wa hewa mgongoni. Saa tisa ndipo ujumbe mwingine ulipofika: "Anaendelea vizuri. Anadai viazi."

Jioni nyumbani, Mama alilia kwanza aliposikia yote, kisha akamkalisha Nélida karibu naye.

"Uchovu ningeuelewa, mwanangu. Ungesema, tungekipandisha pamoja. Lakini uliandika uongo, watu wakauamini, na baba yako akawa anaomba msaada, na ombi linaishia ukutani kwetu. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia."

Kesho yake Nélida alikibeba kisanduku hadi kileleni. Namba za mahali alizisoma mara mbili kabla ya kuziandika.