Koti la Mkaguzi

Nisikilizeni hadi mwisho, majirani, hata ninyi mtakaojiona humu ndani. Nitasema polepole, maana hasira ikinipanda huwa naruka mambo, na jambo hili halifai kurukwa hata hatua moja.

Ile nyumba ya geti la kijani, ya Mfugaji wa mbwa, mnaijua. Asubuhi zake zilikuwa tulivu hata mpita njia alishusha sauti. Mama yake Mfugaji, ambaye sote tunamwita Bibi, alikaa barazani akimenya viazi kwa kupapasa, maana macho yake yalikuwa yameanza kumtupa. Miguuni pake amelala Komeo, kichwa kimekandamiza kandambili. Komeo alikuwa mbwa wa mbegu ya ulinzi: kifua kipana, shingo kama gogo, na sura ya askari aliyenyimwa likizo.

"Sogea wewe mzee," Bibi alimwambia, "unanizibia jua."

Na Komeo alisogea.

Basi siku moja Mfugaji akaingia getini amebeba koti. Lilikuwa la turubai, limeshindiliwa pamba, mikono yake minene kama mito ya kochi. Komeo aliinua kichwa. Hapo ndipo utulivu wa nyumba ile ulipokwisha.

Kwa wasiojua, nieleze. Mbwa wa ulinzi hapewi cheti kwa uzuri wa manyoya, hupimwa kazi. Mtu asiyemfahamu huvaa koti nene ambalo mbwa hajawahi kulinusa, akajifanya mwizi. Mbwa akiambiwa "Kamata!" akamate. Akiambiwa "Achia!" aachie papo hapo, hata damu ikiwa imemchemka. Hiyo nusu ya pili ndiyo mtihani wenyewe. Kukamata, hata mtego wa panya unakamata.

Sasa koti lile lilikuwa la Mkaguzi, mtoa vyeti, rafiki wa Mfugaji tangu wanakwenda shule peku. Kila jioni alikuja, akalivaa, akakimbizwa uani. Mwalimu, mwizi na hakimu, wote mtu mmoja ndani ya koti moja! Komeo hakufundishwa mwizi ni nani. Alifundishwa koti.

Mke wa Mfugaji aliyaona haya akiwa mlangoni pa jiko. Yeye ndiye aliyemlisha Komeo, kwa hiyo alimjua. Aliona mbwa ananing'inia kwenye mkono wa koti, mumewe anapaza sauti "Achia! Achia!" mpaka koo linakauka, na mwisho wanampanua meno kwa mpini wa jembe.

"Baba watoto, huyu hajui kuachia."

"Atajua."

"Lini? Na mtihani ni Jumamosi?"

"Wewe nawe! Watu wanasubiri watoto wake. Wanataka cheti. Wananunua meno, hawanunui adabu."

Mkaguzi akacheka ndani ya lile koti. "Shemeji, kwani ungekuwa mwizi, ungependa aachie?"

"Mimi si mwizi, shemeji. Ndiyo maana naogopa."

Walimcheka. Mwanamke akiogopa huambiwa ana moyo wa kuku, na akinyamaza huambiwa alijua akaficha. Hilo nalo nimeliona mara nyingi hapa kwetu.

Jumamosi ikafika. Uwanja wa mpira ulijaa, na mimi nilikuwepo, nakumbuka kila mtu alisimama wapi. Fundi viatu, ulipanda juu ya benchi. Wewe muuza mkaa ulimbeba mwanao mabegani ili aone vizuri. Komeo aliachiwa, akaruka kama jiwe la teo, akaudaka mkono wa koti, Mkaguzi akaenda chini. Makofi! Vigelegele! Mawingu nayo yakapasuka, mvua ikamwagika.

"Achia!" akasema Mfugaji.

Komeo hakuachia.

"Achia, Komeo!"

Wapi! Mkaguzi akafungua mikanda ya koti akiwa pale matopeni, akajichomoa ndani yake kama nyoka anayejivua gamba, akamwachia mbwa lile koti tupu. Tukacheka hadi machozi. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, mke wa Mfugaji, na macho yake hayakutoka kwenye ile mikanda.

"Na nusu ya pili?" aliuliza.

"Mvua, shemeji. Huioni mvua?"

Mkaguzi akatia sahihi juu ya boneti ya gari, huku maji yanatiririka. Mvua ilizuia mtihani, lakini haikuzuia makofi yenu. Nasema yenu, na kofi moja lilikuwa langu.

Cheti kikawekwa kwenye fremu sebuleni. Koti likatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko likauke. "Likae kwako," Mkaguzi alisema, "tutafundishia na watoto wake." Mke wa Mfugaji akalificha stoo; mumewe akalitoa, ati litaota ukungu. Akalificha tena; likatolewa tena. Tangu hapo mwanamke yule hakufungua banda la mbwa kabla ya kutazama msumari wa mlangoni. Akisuka nywele za bintiye, jicho kwenye msumari. Akipakua chakula, jicho kwenye msumari. Alikonda, na sisi tukasema mumewe anamnyanyasa. Kusema tunaweza.

Kisha ikaja asubuhi ya manyunyu, baridi ya kuuma masikio. Mke alikuwa nyuma ya nyumba anakinga maji. Mfugaji alikuwa na wateja getini, akamfungulia Komeo mwenyewe ili wamwone. Bibi, akiwa jikoni, akasikia manyunyu yakigonga bati.

"Mkwe! Nguo zinalowa huko!"

Hakujibiwa. Akapapasa nyuma ya mlango, mkono ukakuta kitu kizito, cha joto. Akakivaa. Akatoka.

Mke aliingia na ndoo. Jicho likaenda msumarini kwa mazoea. Msumari ulikuwa mtupu.

"Mama! Usitoke!"

Alikwisha toka. Komeo hakubweka hata mara moja. Bibi alianguka chini ya kamba ya nguo, mkono wa kulia umedakwa pale koti linapoishia na vidole vinapoanzia.

"Komeo, ni mimi. Ni mimi, mzee mwenzio."

"Achia!" Mfugaji alikuwa analia sasa. "Achia! Achia, nakuomba!"

Wateja walishapanda ukuta. Mke hakupoteza neno kwa mbwa. Alipiga magoti matopeni, akashika ile mikanda. "Vua, mama! Legeza bega! Mwachie koti, anataka koti!" Akamchomoa mama mkwe wake kama mtoto anayezaliwa. Komeo akabaki na koti, akalitikisa, akaliburuta hadi katikati ya ua, akalilalia. Kisha akamtazama Mfugaji, mkia unapigapiga chini, akingoja kusifiwa.

Bibi yu hai. Hospitalini muuguzi aliuliza ameng'atwa na mbwa gani. Akajibu, "Wa cheti, mwanangu. Usije ukaandika mbwa koko. Mimi nimeng'atwa na msomi." Alicheka peke yake. Vidole vya mkono ule havikunji tena; kila asubuhi Mfugaji humfunga mama yake vifungo vya gauni.

Komeo alichomwa sindano ya kufa, kichwa chake mapajani pa mke wa Mfugaji. Mbwa ndiye pekee aliyehukumiwa. Mkaguzi amelifua koti lake, ameshona mkono wake palipochanika, na bado anapima mbwa kwenye uwanja uleule.

FUNZO

Cheti cha urafiki ni hatari kuliko kukosa cheti, kwa sababu asiye na cheti hujihadhari. Mwenye kupima asiwe ndiye aliyefundisha. Nusu ya mtihani isiahirishwe kwa mvua wala kwa makofi. Na anayeogopa asikilizwe kabla hajathibitishwa na damu.

Nami nimemaliza, ila hili moja. Watoto wa Komeo wote walinunuliwa, kwa cheti kilekile cha baba yao, na hawakuenda mbali. Nawasikia wakibweka nyuma ya kuta zenu ninapopita. Nendeni nyumbani sasa hivi. Mpe mbwa wako kitambaa akiume barabara, halafu mwambie, "Achia."

Na kama hakuachia, usimngoje Mkaguzi. Kwanza angalia mama yako yuko wapi, na amevaa nini.